Picha za Treni na Miji ya Reli: Mwongozo wa Barabara ya Nairobi–Mombasa

Ukishika njia ya Nairobi kwenda Mombasa kwa gari, unakuwa na reli mbili ubavuni karibu safari nzima. Ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na kugusa Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901. Ya pili ni reli ya kisasa, SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Kati ya reli hizo na lami kuna msururu wa miji midogo: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mackinnon Road, Mariakani. Mingi kati yake ilikulia kwenye stesheni, na wasafiri wengi huipita bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera au simu nzuri, siku mbili za nafasi, na gari lake au nauli ya matatu. Shauri lake kuu ni moja: usiifukuze treni. Treni ya abiria ya SGR huenda hadi kilomita 120 kwa saa, barabara imejaa malori, na ndani ya miji sheria inakuruhusu kilomita 50 tu. Ukishindana nayo utashindwa, na pengine utaumia. Chagua mahali, pima jua, tulia. Treni itakuja yenyewe. Muda wa kungoja ndio muda wa kuupiga mji picha.

Reli mbili, picha za aina mbili

Reli ya zamani ina upana wa mita moja. Imelala karibu na ardhi, inapinda inapokutana na kilima, na hupita ndani ya mji wenyewe: kutoka stesheni hadi sokoni ni mwendo wa miguu. Treni zake za abiria za Nairobi–Mombasa zilikoma mwaka 2017, SGR ilipochukua kazi hiyo. Zilizobaki ni treni chache za mizigo ambazo hazina ratiba inayotangazwa kwa umma. Kwa hiyo kwenye reli hii usiende kuwinda treni. Nenda kupiga picha za majengo: stesheni zenye paa la mabati na baraza pana, matangi ya maji yaliyokuwa yakinywesha injini za mvuke, mataruma ya chuma yaliyoshika kutu, kibao cha jina la stesheni kilichofifia rangi. Ikitokea treni ya mizigo, hiyo ni bahati yako.

SGR ina upana wa milimita 1,435 na tabia tofauti kabisa. Imeinuliwa juu ya tuta na madaraja marefu, imezungushiwa uzio, na stesheni zake kubwa mara nyingi ziko nje ya mji. Injini zake ni za dizeli, hivyo hakuna nyaya juu ya reli za kukuharibia fremu. Kwa sababu ya tuta, wewe huwa uko chini na treni iko juu, mbingu zikiwa nyuma yake. Hilo linafaa sana jioni, mabehewa yanapogeuka vivuli vyeusi mbele ya anga jekundu, na halifai kabisa saa sita mchana. Usipuuze treni za mizigo za reli hii: makontena yakiwa yamepandishwa mawili mawili, msururu wake mrefu unajaza picha kuliko treni ya abiria.

Jua kwanza, ramani baadaye

Reli hizi zote mbili zinatoka kusini-mashariki, Mombasa, kwenda kaskazini-magharibi, Nairobi. Ukilishika hilo kichwani, umemaliza nusu ya kazi.

Asubuhi jua liko mashariki. Treni inayotoka Nairobi inalielekea, kwa hiyo uso wake unang'aa. Inayotoka Mombasa inalipa mgongo, na uso wake uko kivulini. Alasiri mambo yanageuka: treni inayotoka Mombasa ndiyo yenye mwanga usoni. Kanuni ni rahisi kukumbuka: asubuhi piga treni ya Nairobi, jioni piga treni ya Mombasa.

Kisha kuna suala la upande wa kusimama. Kwa jumla, asubuhi simama upande wa kaskazini-mashariki wa reli, jioni upande wa kusini-magharibi. Mwezi nao una neno lake. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, hivyo ubavu wa treni huangazwa vizuri zaidi asubuhi. Mwezi Desemba hutua kusini kidogo ya magharibi, hivyo jioni ndiyo yenye mwanga bora wa ubavuni. Reli ina kona zake, kwa hiyo kabla ya kusimama fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, uangalie kipande hicho hasa kinaelekea wapi.

Katika sehemu hizi jua huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Mwanga mtamu ni wa saa mbili za kwanza na saa mbili za mwisho. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua liko utosini, nyuso za watu zina vivuli vyeusi chini ya macho, na mabati yanaakisi mpaka kamera inachanganyikiwa. Saa hizo ni za kula, kupumzika, na kupiga picha za ndani: dukani, kinyozi, hotelini.

Angalia na majira. Mwezi Julai asubuhi za Nairobi na nyanda za Athi hufunikwa na mawingu mazito. Januari na Februari anga huwa safi zaidi. Baada ya mvua vumbi hutulia na milima ya mbali huonekana.

Ratiba na hesabu ya kungoja

Kwa miaka kadhaa Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, imekuwa na mpangilio huu: saa mbili asubuhi treni inayosimama stesheni za njiani huondoka Nairobi, na mwenzake huondoka Mombasa saa hiyo hiyo, saa tisa alasiri huondoka za mwendo wa haraka, moja kila upande, usiku kuna nyingine ambazo kwa mpiga picha wa barabarani hazina faida. Ratiba hubadilika, hasa sikukuu, kwa hiyo hakikisha siku moja kabla.

Fanya hesabu yako hivi. Reli ya Mombasa–Nairobi ni kilomita 472, na treni ya haraka huchukua karibu saa tano. Voi iko kilomita kama 150 kutoka Mombasa, kwa hiyo treni iliyoondoka saa tisa itakuwa maeneo ya Voi baada ya saa moja na nusu hivi, na Mtito Andei inapokaribia saa kumi na mbili kasoro. Huo ndio wakati mwanga unapoanza kuwa wa dhahabu, nayo inakuja ikilielekea jua. Za saa mbili asubuhi hupishana katikati ya njia, maeneo ya Kibwezi na Mtito Andei, jua likiwa tayari kali. Ukiitaka ya asubuhi yenye mwanga mzuri, ingoje mapema, kati ya Athi River na Emali.

Fika mahali pako dakika 40 kabla. Utahitaji muda wa kuegesha gari mbali na barabara, kuzungumza na mwenye shamba au mlinzi, kujaribu fremu mbili tatu, na kuona kama kuna mti utakaoziba injini wakati ule ule unaobonyeza.

Mahali pa kusimama, kutoka Nairobi kushuka

*Nyanda za Athi na Kapiti.* Kuanzia Athi River ardhi inafunguka. Miti ni michache na treni huonekana ikiwa bado mbali. Hapa tumia lenzi pana, uipe treni robo ya picha na uiachie nyika na mawingu sehemu iliyobaki. Karibu na hapo ni Konza, mahali reli ya zamani inapoachana na njia ya Magadi, iliyojengwa ili kusafirisha magadi kutoka ziwani.

*Sultan Hamud.* Mji huu umebeba jina la Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, aliyetembelea mahali hapa reli ilipokuwa ikijengwa. Ni mji wa barabara moja, maduka yenye baraza, na stesheni ya zamani kando. Kazi yako hapa ni ndogo ndogo: kibao cha jina, mlango wa mbao, bodaboda zilizopangwa kivulini.

*Emali.* Hapa barabara ya Loitokitok inaachana na barabara kuu, na Wakamba na Wamaasai wanakutana sokoni. Uliza siku ya mnada wa mifugo na uipangie safari. Vumbi la ng'ombe asubuhi, jua likiwa nyuma yake, ni picha ambayo huwezi kuikosa. Asubuhi zenye anga safi, kabla ya mawingu kupanda, Mlima Kilimanjaro huonekana upande wa kusini.

*Makindu.* Simama kwa chakula cha mchana kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli. Msafiri yeyote hulishwa bure. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na pombe wala sigara, na omba ruhusa kabla ya kutoa kamera. Ukitaka picha moja inayoeleza reli ilileta nani Ukambani, iko hapa.

*Kibwezi hadi Mtito Andei.* Mibuyu inaanza, mashamba ya mkonge yanaonekana, na Vilima vya Chyulu viko upande wa kusini-magharibi. Mkonge umepandwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo tafuta mahali ambapo mistari hiyo inaelekea kwenye tuta la SGR na uiache ilivute jicho hadi kwenye treni. Kando ya barabara huuzwa asali, maembe wakati wa msimu, na vyondo. Mtito Andei ni nusu ya njia, na mabasi mengi husimama hapo kwa chakula. Kaa kando ya mlango wa basi dakika kumi tu: mikono inainuliwa na mifuko ya korosho na ndizi kuelekea madirishani, noti zinashuka, chenji inapanda, dereva anapiga honi na muuzaji bado anakimbia na mia moja ya mtu. Mji mzima umo ndani ya dakika hizo kumi.

*Tsavo.* Hapa barabara na reli zinapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kwenye Mto Tsavo ndipo simba wawili waliposimamisha ujenzi wa daraja mwaka 1898 kwa kuua wafanyakazi, mpaka mhandisi J. H. Patterson alipowaua mwezi Desemba mwaka huo. Ngozi zao ziliuzwa baadaye kwa Field Museum ya Chicago, na wako huko hadi leo. SGR ina njia za chini zilizoachwa ili tembo wavuke kutoka mbuga moja hadi nyingine. Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya kujipaka udongo wa huko, na tembo mwekundu chini ya tuta la reli ni picha ambayo watu huisubiri kwa miaka. Isubiri ukiwa ndani ya gari. Usishuke wala usikaribie uzio. Simba wa hapa hawakuondoka na Patterson.

*Voi.* Lala hapa. Asubuhi tembea stesheni ya zamani, ambako reli ya kwenda Taveta ilichepuka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha uende kwenye makaburi ya askari wa vita hivyo. Milima ya Taita na kilima cha Sagala vinaupa mji ukuta wa nyuma ambao mtambo wowote wa kuhariri picha hauwezi kuutengeneza. Alasiri, toka nje ya mji kidogo upande wa Mombasa uingoje treni ya saa tisa.

*Mackinnon Road.* Kando kabisa ya reli ya zamani kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, msimamizi wa vibarua kutoka Punjab aliyesifika kwa nguvu na uchamungu. Madereva husimama kuomba dua kabla ya kuendelea. Tafuta pembe inayoingiza msikiti na reli katika fremu moja. Mapema asubuhi ndio wakati wake. Vaa kwa heshima, na usimpige picha mtu aliye kwenye swala.

*Mariakani na Mazeras.* Hapa minazi inaanza, hewa inakuwa nzito, na reli ya zamani inazunguka vilimani ikishuka kuelekea bahari. Kona hizi zinafaa lenzi ndefu, kwani hukusanya reli, nyumba za makuti na malori katika picha moja iliyobanana.

Mipangilio ya kamera na simu

Treni ya kilomita 120 kwa saa husogea mita 33 kila sekunde. Shata ya 1/250 ikifunguka, treni imeshasogea sentimita 13, na maandishi ubavuni mwake yatakuwa ukungu. Kwa 1/1000 imesogea sentimita 3 tu. Kwa hiyo ukiwa ubavuni, anza na 1/1000 au zaidi, ukipandisha ISO inapobidi. Ikija ikikuelekea kwa pembe, 1/500 inatosha.

Usiiachie kamera itafute fokasi treni ikiwa imefika. Funga fokasi mapema kwenye kitu kilicho sawa na mahali injini itakapopita, nguzo ya uzio kwa mfano, kisha bonyeza mfululizo. Ukitaka kuonyesha mwendo, shusha shata hadi 1/60 au 1/30, ifuate treni kwa kuzungusha kiuno huku miguu ikiwa imetulia, na uendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Picha nyingi zitaharibika, moja itatoka na mabehewa makali na nyika iliyoyeyuka.

Kwa simu, bonyeza na ushikilie kioo hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha shusha mwanga kidogo ili anga lisiwe jeupe tupu. Tumia picha za mfululizo. Usikuze kwa vidole. Sogea wewe, au ikubali treni iwe ndogo ndani ya mandhari makubwa. Treni ndogo chini ya mbuyu mkubwa ni picha nzuri kuliko treni kubwa iliyopasuka punje punje.

Funga mfuko wa kamera kila gari linapopita. Vumbi jekundu la Tsavo na Taru huingia kila penye upenyo, kwa hiyo usibadilishe lenzi nje ya gari. Beba betri ya ziada, kitambaa safi, maji na kofia.

Kuupiga picha mji mdogo

Wengi hufika mjini, wanapiga picha ya barabara kuu, wanaondoka. Barabara kuu ya Emali haina tofauti kubwa na ya Kibwezi ukiitazama kutoka dirishani. Tofauti iko karibu. Anza na matabaka matatu: mahali, kazi, alama.

Mahali ni picha ya mbali, inayoonyesha mji umekaa wapi kwa reli, kilima au barabara. Kazi ni watu wakiwa shughulini: fundi wa baiskeli, mshona nguo kwenye baraza, mpiga chapati asubuhi, kibarua anayepakia mkaa. Alama ni kitu kimoja cha karibu. Tazama vibao vya kinyozi vilivyochorwa kwa mkono, kila kichwa na mtindo wake. Matangazo ya sabuni na unga yaliyopakwa ukuta mzima. Maneno ya hekima nyuma ya matatu. Kwenye stesheni za zamani tazama nguzo za ua, kwani mara nyingi ni vipande vya reli iliyong'olewa. Inama uangalie ubavu wa chuma hicho: chini ya kutu na tabaka za rangi kuna herufi zilizoinuka, jina la kiwanda na mwaka kilipoyeyushwa. Subiri jua la pembeni, la saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, ndipo herufi hizo zitatupa vivuli na kusomeka. Piga karibu kabisa, zijae fremu.

Ukipata matabaka hayo matatu katika kila mji, ukiyaweka pamoja yatasimulia hadithi. Ukirudi na picha kumi za barabara kuu, utakuwa na picha moja mara kumi.

Tafuta pia mahali ambapo mji na reli vinagusana: njia ya miguu iliyokanyagwa kuvuka reli ya zamani, mbuzi wanaochungwa kati ya mataruma, wanafunzi wanaopita chini ya daraja la SGR. Hapo ndipo picha ya treni inapoacha kuwa picha ya chombo, ikawa picha ya nchi.

Watu kwanza, kamera baadaye

Salamu haina mbadala. Ingia dukani, sabahi, nunua soda au mkate, kisha ndipo utaje picha. "Habari ya kazi, mama? Naomba nikupige picha ukiwa hapa kazini" inatosha. Kwa mzee sema "mzee" au "baba", na ukishafika Pwani usisahau "shikamoo". Ukambani, ukisema "wimuseo" utapewa tabasamu kabla ya ruhusa. Akikataa, shukuru uondoke; usipige kutoka mbali kwa lenzi ndefu baada ya kukataliwa.

Watoto watakukimbilia wakitaka picha. Muulize kwanza mzazi au mwalimu, na usiweke mtandaoni uso wa mtoto ambaye mzazi wake hukuzungumza naye. Ukiombwa pesa, amua mapema msimamo wako na uwe nao mmoja. Njia inayoheshimu pande zote ni kununua anachouza mtu, na kumwahidi kumtumia picha yake kwa simu.

Kama picha ni za kuuza au kutangazia biashara, ujue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kibiashara. Chukua idhini kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Sheria na usalama

Usipige picha magereza, kambi za jeshi, vituo vya polisi, vizuizi vya barabarani wala vituo vya mizani. Kuwa makini zaidi Manyani, kwenye gereza na chuo cha askari wa wanyamapori. Hapo iweke kamera mfukoni mpaka upite. Stesheni za SGR zina ukaguzi mkali, kwa hiyo usipige sehemu ya ukaguzi na uombe ruhusa kwa msimamizi wa stesheni kwa picha nyingine zote. Kwenye stesheni za zamani tafuta stesheni masta au mlinzi. Mtu huyo akikuruhusu, mara nyingi atakuonyesha pia mahali ambapo usingepafikia peke yako.

Usivuke uzio wa SGR wala usisimame kwenye kokoto za reli yoyote. Treni nzito huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, na ikija upepo ukivuma kinyume hutaisikia mpaka imefika. Picha za harusi na za mitindo katikati ya reli zimekuwa desturi mitandaoni, usiifuate.

Droni zinahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na ndani ya mbuga za Tsavo ruhusa ya Shirika la Wanyamapori, KWS, pia. Kama huna, iache nyumbani.

Barabarani, dereva asipige picha. Usisimame begani mwa barabara penye kona au mlima. Ingia kituo cha mafuta au kituo cha basi, kisha rudi kwa miguu. Baada ya giza acha kuendesha: malori yaliyoharibika bila taa ni mengi. Ukisafiri kwa matatu, panga mji mmoja mmoja, Emali hadi Makindu, Makindu hadi Mtito Andei. Utatumia muda zaidi lakini utakutana na watu zaidi.

Mpango wa siku mbili

Siku ya kwanza toka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Piga nyanda za Athi jua likichomoza, kisha ingoje treni ya saa mbili ya Nairobi kabla ya Emali. Tembea Sultan Hamud na Emali mpaka saa nne. Kula Makindu. Pumzika, vuka Kibwezi na Mtito Andei, uwe umefika Voi, karibu kilomita 330 kutoka Nairobi, kabla ya saa kumi. Ingoje treni ya alasiri kutoka Mombasa, nje ya mji. Lala Voi.

Siku ya pili amka na stesheni ya zamani na makaburi, wahi Mackinnon Road asubuhi bado ni changa, pita Mariakani na Mazeras, na umalizie Mombasa jioni.

Ukishafika nyumbani

Chagua picha chache, si zaidi ya 20 kwa safari nzima. Kila moja iandikie jina la mji, tarehe, upande treni ilikokuwa ikienda, na jina la mtu aliyekuruhusu kama ameridhia. Majengo ya reli ya zamani yanabomoka au kubadilishwa matumizi, na picha isiyo na tarehe wala mahali haimsaidii mwanahistoria wala mjukuu wa aliyefanya kazi pale. Hifadhi nakala mbili mahali tofauti. Kisha, kabla hujaziweka mtandaoni, watumie picha zao mama wa chapati, kinyozi na stesheni masta. Uliwaahidi.